Sura ya Saba: Betri Imelala, Gari Halijafa

Mwenye gari la zamani akizungusha ufunguo asubuhi na injini ikabaki kimya, neno la kwanza linalomtoka ni kwamba betri imekufa. Papo hapo anaanza kutafuta nyaya za jampa, au anampigia fundi simu. Sura hii inamwomba asubiri dakika chache. Hilo tunaloliita kufa lina hali tatu. Betri inaweza kuwa imechoka tu, na umeme kidogo umebaki ndani. Inaweza kuwa imeisha kabisa, lakini ikichajiwa itarudi. Au imekufa kweli, na hakuna chaja itakayoirudisha. Kila hali ina tiba yake, na tiba ya moja huharibu nyingine. Anayejua kuzitofautisha ataliwasha gari lake kwa gharama ndogo, na hatachoma waya wala kuvunjika mkono.

Naanzia Kihoto, mtaa wa Naivasha ulio karibu na ziwa, kwa sababu pale betri ikilala hakuna njia ya mkato. Kwenye miteremko ya Kinangop au ya Mau, wenye Land Rover na Peugeot kuukuu wana desturi ya kuegesha gari likitazama bondeni. Asubuhi wanaachia breki, gari linateremka lenyewe, wanaachia klachi na safari inaanza. Kihoto ni tambarare. Gari likilala hapo halina mteremko wa kuliamsha, na mwenye gari hana budi kuelewa kile anachokifanya.

Ziwa nalo limeongeza somo lake. Mwaka 2020, na tena mwaka 2025, maji ya Ziwa Naivasha yalipanda yakaingia ndani ya nyumba za Kihoto na kuwahamisha watu. Katika hali kama hiyo gari huokolewa baada ya watoto na magodoro. Likisogezwa mahali pakavu, huenda likakaa miezi bila kuwashwa. Betri ya risasi na asidi hupoteza chaji yake polepole hata isipotumika, na kadiri inavyokaa tupu ndivyo inavyozidi kuharibika. Kwa hiyo mafunzo ya sura hii yanamhusu mwenye gari la fahari linalotolewa Jumapili, na pia yule ambaye gari lake lililala kwa sababu maisha yalisimama.

Kazi mbili za betri

Katika gari la zamani la petroli, betri hufanya kazi mbili kubwa wakati wa kuwasha. Ya kwanza ni kuzungusha stata. Stata ni mota inayohitaji umeme mwingi kwa muda mfupi: ampea 100 hadi 200, na zaidi ya hapo injini ikiwa kubwa au baridi. Kazi ya pili ni kuilisha koili, ambayo hukuza volti 12 zikawa maelfu ya volti, na pointi zilizo ndani ya distribyuta zinapofunguka, cheche huruka kwenye plagi. Koili huridhika na ampea 3 hadi 5 tu. Stata ni kama mchukuzi wa gunia sokoni. Koili ni fundi wa saa, kijiko kimoja kinamshibisha.

Tofauti hiyo ndiyo siri nzima ya kuwasha gari la zamani. Betri iliyoshindwa kabisa kuzungusha stata bado inaweza kuwa na umeme wa kutosha kuilisha koili kwa muda mrefu. Ukipata nguvu nyingine ya kuizungusha injini, iwe mikono, mteremko au gari jingine linalovuta, kazi ya kwanza umeiondolea betri, na ile ya pili itaiweza. Magari ya siku hizi yana kompyuta, pampu ya petroli ya umeme na vipima mwendo ambavyo vyote vinadai volti za kutosha kabla injini haijazunguka hata mara moja. Peugeot 404 au Land Rover ya miaka ya sitini ina pampu ya petroli inayosukumwa na injini yenyewe, kabureta isiyojua umeme ni nini, na koili moja. Ndiyo maana huamka kwa kidogo.

Zipo tofauti za kukumbuka. Morris Minor pampu yake ni ya umeme, na utaisikia ikigonga-gonga unapowasha swichi, kwa hiyo nayo itadai mgawo wake mdogo. Dizeli haina plagi za cheche. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Lakini dizeli za zamani za Peugeot zina plagi za kupasha, ambazo hula umeme mwingi asubuhi ya baridi. Dizeli kama hiyo ikiwa baridi na betri imelala, itahitaji kusukumwa kwa kasi na kwa mwendo mrefu. Kuizungusha kwa mkono usijaribu, maana inabana hewa kupita nguvu za mtu.

Pima kwanza

Kabla ya kuita watu, fungua boneti na uwashe taa kubwa, kisha mwambie mwenzako azungushe ufunguo huku ukizitazama. Taa zikififia hadi kuzimika, betri ni dhaifu au vichwa vyake vimeshika vibaya. Taa zikibaki kali na stata haisemi kitu, usiilaumu betri. Tafuta kasoro kwenye stata, solenoidi au waya zake. Ukisikia ta-ta-ta-ta ya haraka, umeme upo lakini hautoshi. Taa zisipowaka kabisa, ama betri imeisha au waya umekatika.

Ukiwa na kipima volti, picha itakuwa wazi zaidi. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia huonyesha takriban 12.6. Ikionyesha 12.2 imebaki nusu. Chini ya 11.9 ichukulie kuwa imeisha. Ndani yake kuna seli 6, kila moja ikitoa volti 2.1, na hesabu hiyo ina faida: betri iliyochajiwa usiku kucha na bado inasimama kwenye 10.5 imepoteza seli moja nzima. Hiyo ndiyo iliyokufa kweli.

Kisha tazama vichwa vya betri. Ule unga mweupe au wa kijani unaoota pale huzuia umeme kupita, na mara nyingi ndio ugonjwa wote. Dawa yake iko katika Bonde la Ufa lenyewe: magadi. Yayeyushe katika maji ya moto, mwagia taratibu juu ya vichwa huku ukizuia yasiingie kwenye matundu ya betri, na utaona povu. Hapo magadi yanaivunja nguvu asidi. Suuza, kausha, sugua kwa msasa mpaka risasi ing'ae, kaza nati, kisha paka grisi. Gari nyingi zilizotangazwa kufa zimeamka baada ya kazi hiyo tu.

Kama gari lilifikiwa na maji ya mafuriko, simama hapo kwanza. Vuta kijiti cha oili. Oili ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, kuna maji ndani ya injini, na haifai kuwashwa kwa njia yoyote mpaka imwagwe na kusafishwa. Toa plagi zote na uizungushe injini kwa mkono. Maji yaliyokaa ndani ya silinda hayabanwi kama hewa, na stata yenye nguvu au gari linalosukumwa kwa kasi linaweza kupinda vyuma vya ndani. Mkono wako utakwambia mapema kwamba kuna kitu kimekataa. Fungua pia kifuniko cha distribyuta ukikaushe, kwa sababu unyevu hula cheche hata betri ikiwa mpya.

Jambo la mwisho kabla ya kuwasha: usiutumie umeme mdogo uliobaki kuvuta petroli kutoka tangini. Gari lililolala muda mrefu hukaukiwa petroli kwenye kabureta. Land Rover za zamani zina kikono kidogo kwenye pampu. Kibonyeze kwa kidole mara kadhaa mpaka petroli ifike kwenye kabureta. Na choki iende kwa kiasi. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na hewa ya huko ina uzito kama asilimia 80 tu ya ile ya Mombasa. Petroli ile ile inakutana na hewa kidogo, hivyo injini hulowa haraka. Dereva wa pwani aliyezoea kuvuta choki hadi mwisho ataizamisha injini hiyo kabla haijakohoa.

Nguvu ya mikono

Kwa miongo mingi gari lilikuja na hendeli yake. Umeme ulipoingia kwenye kazi ya kuwasha, mwaka 1912 kwenye Cadillac kwa ubunifu wa Charles Kettering wa Marekani, watengenezaji wengi waliendelea kuacha tundu la hendeli mbele ya rejeta kwa zaidi ya nusu karne. Land Rover zilikuwa nalo, Morris Minor pia, na Peugeot 404 vilevile. Tundu hilo liliwafaa hasa watu wa nchi kama zetu, ambako gereji ya karibu ingeweza kuwa umbali wa siku moja.

Hendeli inadai heshima. Weka gia nyutro na uvute breki ya mkono. Ingiza hendeli, izungushe taratibu mpaka uhisi uzito wa silinda inayobana hewa, kisha irudishe iwe chini. Kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke mpini. Vuta kwa nguvu kuelekea juu, mara moja, kisha achia. Usisukume kuelekea chini, na usizungushe mfululizo. Cheche ikiruka mapema, injini hupiga kinyume, na hendeli hurudi kwa nguvu inayoweza kuvunja kifundo cha mkono. Kama mkono unavuta juu na kidole gumba hakijauzunguka mpini, hendeli itachomoka vidoleni na kukuacha mzima.

Pasipo hendeli, kuna watu. Katika ardhi tambarare watu watatu au wanne wanatosha kwa gari dogo. Mwenye gari huita, "Vijana, nipigeni tafu hapa," nao hujibu, "Sawa, mzee, ingia kwenye usukani." Swichi iwashwe ili koili ipate umeme na usukani usijifunge. Kanyaga klachi, weka gia mbili. Gia ya kwanza hurusha gari na inaweza kufunga magurudumu. Gia mbili huizungusha injini kwa ulaini. Wasukumaji washike mahali penye chuma kigumu, kwenye nguzo za milango na pembe za buti, na asiwepo mtu mbele ya gari. Likifikia kasi ya mtu anayekimbia polepole, achia klachi kwa mpigo mmoja, na injini ikishika tu, ikanyage tena na uipe mafuta kidogo. Kumbuka kwamba breki zenye usaidizi wa injini zitakuwa ngumu mpaka iwake. Na gari la gia otomatiki, kwa kawaida, halisukumiki likawaka.

Kusukuma gari ni sehemu ya historia yetu ya barabara. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na miaka mingi iliangukia msimu wa masika. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. 504 ikafuata mwaka 1975 na 1978. Katika miaka hiyo, watu wa vijijini waliokuwa kando ya njia ndio walioyatoa matopeni magari ya washindi na ya walioshindwa. Tangu mwaka 2021 mashindano hayo yamerudi katika ubingwa wa dunia, na kituo chake kikuu ni Naivasha. Siku za kawaida msaada ule ule unapatikana Kihoto bila kamera. Ukisukumwa, wape vijana pesa ya chai kabla hujaondoka.

Umeme wa kuazima

Sasa tuseme betri imeisha kabisa, hata taa ya dashibodi haionekani. Hapo kusukuma peke yake kutawachosha watu bure, kwa sababu koili haina chakula. Gari lenye altaneta lina shida zaidi, maana altaneta nyingi hudai umeme kidogo wa betri ndipo zianze kuzalisha. Dainamo ya gari kuukuu zaidi hubaki na usumaku wake na huweza kujianzisha, lakini kwa kasi ambayo wasukumaji hawaifikii.

Suluhisho liko karibu kuliko wengi wanavyodhani. Betri ya bodaboda ni ya volti 12. Ni ndogo, haiwezi hata kutikisa stata, lakini koili inayokula ampea 4 itaishi nayo kwa muda mrefu kuliko unaohitaji. Betri ya sola ya nyumbani yenye volti hizo hizo inafaa hata zaidi. Chomoa vichwa vya betri iliyoisha ili isinyonye umeme huo, iweke betri ya kuazima mahali pake, zima taa na redio, kisha sukuma au tumia hendeli. Usiguse stata kabisa. Itaimaliza betri ya mwenzako kwa sekunde chache na inaweza kuyeyusha waya zake.

Ukiamua kujampisha kutoka gari jingine, tuseme Probox ya jirani, uliza maswali mawili kwanza. La kwanza: gari langu lina volti ngapi? Volkswagen nyingi za kabla ya mwaka 1967 ni za volti 6, na umeme wa 12 utachoma balbu na koili. Malori mazito yanayopita barabara kuu ya Nairobi kwenda Uganda yana betri mbili zilizounganishwa kutoa volti 24. Dereva wa lori akikubali kukusaidia, chukua umeme wa betri moja tu kati ya hizo mbili.

La pili: athi yangu ni ipi? Magari mengi ya Uingereza yaliyotengenezwa hadi katikati ya miaka ya 1960 yalifunga upande chanya kwenye bodi. Magari ya leo hufunga hasi. Betri kwa betri, sheria haibadiliki: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Lakini athi zikitofautiana, bodi za magari hayo mawili zisigusane hata kwa bampa, kwa sababu kati yake kuna volti 12 kamili, na mguso huo ni shoti. Waya wa mwisho ufungwe kwenye chuma cha injini ya gari lililolala, mbali na betri, na uwe ule wa upande wa athi ya gari hilo. Betri hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka, na cheche ya waya wa mwisho haifai kuruka karibu nayo.

Injini ikishawaka

Kuunguruma kwa injini kusikudanganye kwamba kazi imekwisha. Kwenye gari la altaneta, usichomoe betri injini ikiwa inazunguka. Volti zitapanda ghafla na kuichoma. Ukibadilisha betri ya kuazima kwa nyingine yenye chaji, zima injini kwanza, kisha tegemea mteremko, hendeli au vijana kwa mara ya pili.

Gari la dainamo halichaji likisimama na kunguruma polepole. Linahitaji barabara. Dainamo nzuri ya gari la Uingereza la miaka ya sitini hutoa kama ampea 22 ikiwa kwenye kasi, na taa kubwa pekee hula karibu nusu ya hizo. Kwa hiyo safiri mchana, taa zikiwa zimezimwa, kuelekea Gilgil na kurudi. Hata hivyo usitarajie miujiza: betri ya ampea-saa 45 iliyokuwa tupu itakuwa imepata sehemu tu ya chaji yake. Iliyobaki ipate kwenye chaja ndogo, polepole, usiku kucha, mahali penye hewa.

Betri iliyokufa kweli

Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya kwanza ya risasi na asidi ya kuchajiwa tena mwaka 1859, na kanuni yake haijabadilika. Inapotumika, bamba za risasi hujipaka salfeti. Inapochajiwa, salfeti hiyo huyeyuka. Ikiachwa tupu kwa miezi, salfeti huwa fuwele ngumu ambazo chaja ya kawaida haiziyeyushi tena. Hapo ndipo kufa kwa kweli kunapotokea, na chanzo chake kwa kawaida ni kusahauliwa.

Betri kama hiyo usiitupe wala usimpe mtu wa kuiyeyusha uani. Kenya ilijifunza somo hilo kwa uchungu Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwapa wakazi sumu ya risasi, watoto wakiwamo. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano yao, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi hao fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo Desemba 2024. Rudisha betri yako kwa muuzaji anayezikusanya. Risasi yake ina bei, nayo itatumika tena.

Kabla hujafunga betri mpya, itafute sababu ya kufa kwa ile ya kwanza. Zima kila kitu, chomoa kichwa kimoja, kisha unganisha balbu ndogo ya volti 12 kati ya kichwa hicho na waya wake. Balbu ikiwaka, kuna kitu kinanyonya umeme gari likiwa limezimwa. Toa fyuzi moja baada ya nyingine mpaka izimike, nawe utakuwa umempata mwizi. Isipowaka, kagua mkanda wa feni na kifaa cha kudhibiti chaji. Anayeruka hatua hii atakuwa anawaita vijana kila wiki.

Magari haya yanazidi kupungua, na wanaojua kuyaamsha kwa mikono wanazeeka katika gereji za jua kali. Ukiwa na gari la zamani na kijana anayelipenda, mfundishe kusoma taa, kushika hendeli na kuitambua athi kabla hujampa ufunguo. Mfundishe gari likiwa zima, mchana, mahali pa wazi, na betri ikiwa imejaa. Dharura ikifika usiku, mvua ikinyesha na maji yakipanda kutoka ziwani, hakutakuwa na nafasi ya kujifunza. Atafanya kile ambacho mikono yake tayari inakijua.